Neno la Mhariri: Seli Zina Sifa, Kiunzi Kina Kazi

Songtao Shi alikuwa daktari wa meno ya watoto na mtafiti katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, huko Bethesda, wakati binti yake wa miaka sita alipoanza kung'oka meno ya utoto. Baba alipolitazama jino kwa makini aliona ndani yake mabaki ya nyama nyekundu, akajiuliza kama bado yana uhai. Meno yaliyofuata yakaishia maabara. Mwaka 2003 Shi na wenzake walichapisha walichokipata: jino moja la mbele la utoto, lililong'oka lenyewe, lilitoa seli kati ya 12 na 20 zenye uwezo wa kushika chini ya chombo, kuzaana na kufanya makundi. Zikilishwa vizuri, seli hizo ziligeuka kuwa za aina mbalimbali, zikiwemo zinazofanana na seli za neva, za mafuta na zile zinazojenga dentini. Miaka mitatu kabla yake, Stan Gronthos na kundi hilohilo walikuwa wameonyesha kuwa magego ya mwisho ya watu wazima nayo yana seli shina katika kiini chake.

Tangu hapo sifa zote zimekwenda kwa seli. Mwaka 2004 zilipatikana nyingine kwenye kano zinazoshika jino na mfupa, kisha nyingine katika papila, ile nyama laini inayoning'inia kwenye ncha ya mzizi unaokua. Magazeti yakatangaza kwamba meno mapya yako njiani. Toleo hili limetenga kurasa zake kwa utafiti huu wa kuotesha upya tishu za kinywa, na jarida linaingia humo likiwa na msimamo wake: seli hazijawahi kuwa adimu mdomoni. Kilichokuwa kigumu miaka yote ni kuziandalia mahali pa kuishi, na kazi hiyo ni ya bayomateria, yaani vitu vinavyotengenezwa ili vikae ndani ya mwili na kushirikiana nao.

Robert Langer na Joseph Vacanti waliliweka jambo hili wazi mwaka 1993 walipoandika kuhusu uhandisi wa tishu. Zinahitajika seli, ishara za kuziambia zifanye nini, na kiunzi cha kuzibeba mpaka zijenge chao. Mwaka 2002 kundi la Boston, Pamela Yelick na Vacanti wakiwemo, lilichukua seli za machipukizi ya meno ya nguruwe, likazipanda kwenye kiunzi cha plastiki inayoyeyuka mwilini, na kukihifadhi ndani ya tumbo la panya. Baada ya miezi kadhaa zilipatikana taji ndogo zenye dentini na enameli. Mwaka 2009 Takashi Tsuji na wenzake huko Japani walikwenda mbali zaidi. Chipukizi walilolijenga kutokana na seli za kijusi cha panya lilipandikizwa kwenye taya la panya mzima, likachomoza, likatafuna, likahisi maumivu.

Hayo ni mafanikio ya kweli. Hata hivyo yana ukuta mbele yake ambao hauzungumzwi vya kutosha. Seli zinazotengeneza enameli hufa jino linapochomoza, na mtu mzima hana akiba yake. Kiini cha gego la mwisho kinaweza kutoa wajenzi wa dentini, lakini hakiwezi kutoa enameli hata kikibembelezwa vipi. Panya wa Tsuji alipata jino kwa sababu seli zilitoka kwenye kijusi, chanzo ambacho mgonjwa anayesubiri kwenye benchi la kliniki hana.

Ushindi uliokwisha kumfikia mgonjwa umepita njia nyingine, na jarida hili linataka msomaji akae nao kidogo. Mtoto wa miaka minane anaanguka shuleni. Jino la mbele la juu linavunjika na kiini chake kinakufa. Mzizi wa jino hilo bado haujamaliza kukua: kuta zake ni nyembamba, ncha yake iko wazi kama mdomo wa faneli. Kwa miongo mingi tiba ilikuwa kujaza kalsiamu hidroksaidi kwa miezi, kungoja kizuizi kigumu kijifunge kwenye ncha, kisha kuziba. Jino lilibaki, lakini mzizi haukukua tena, na wengi wa watoto hao walirudi jino likiwa limekatika shingoni.

Mwaka 1961 Birger Nygaard-Østby wa Norway alikuwa amejaribu kuacha damu iingie kwenye mfereji wa mzizi uliosafishwa, aone kama tishu itaota ndani yake. Wazo lilikaa kando kwa miaka arobaini. Mwaka 2001 Iwaya na wenzake nchini Japani walieleza kisa cha jino changa lililotibiwa bila kujazwa kitu, na mzizi wake ukaendelea kunenepa. Mwaka 2004 Banchs na Trope wakaandika utaratibu ambao madaktari wangeweza kuufuata.

Utaratibu wa leo ni rahisi kuusimulia, na kila hatua yake inabeba sababu. Mfereji huoshwa kwa hipokloraiti ya sodiamu, dawa iliyomo kwenye jiki, lakini kwa asilimia 1.5 tu, kwa kuwa ikiwa kali zaidi huua zile seli za papila zinazotegemewa. Dawa ya kuua vijidudu huachwa ndani kwa wiki chache. Katika ziara ya pili mtoto hupigwa ganzi isiyo na adrenalini, maana adrenalini hubana mishipa na damu haitatoka. Mfereji huoshwa kwa EDTA, kemikali inayokwangua madini kwenye dentini na kuzifungulia protini za ukuaji zilizofungiwa humo tangu jino lilipoundwa. Kisha daktari hupitisha faili nyembamba kidogo nje ya ncha ya mzizi ili damu ipande. Bonge la damu likiganda, hicho ndicho kiunzi. Juu yake huwekwa saruji ya kuziba.

Hakuna seli iliyonunuliwa wala kukuzwa maabara. Mwaka 2011 watafiti wa San Antonio, Texas, walipima damu hiyo inayopanda kutoka kwenye ncha ya mzizi na kukuta alama za seli shina ndani yake zikiwa juu hadi mara 600 kuliko kwenye damu ya mwilini ya mgonjwa yuleyule. Seli zilikuwa jirani muda wote. Zilihitaji njia safi, kiunzi na ishara.

Hapa ndipo ukweli mwingine unapaswa kusemwa bila kuufunika. Meno kadhaa yaliyotibiwa hivyo yaling'olewa baadaye kwa sababu nyingine na kuchunguzwa kwa hadubini. Mara nyingi kilichokutwa ndani hakikuwa kiini cha jino chenye safu yake ya wajenzi wa dentini. Ilikuwa tishu inayofanana na ile inayofunika mzizi kwa nje, pamoja na vipande kama vya mfupa na nyuzi za kano. Mtoto amepona, maumivu yameisha, mara nyingi mzizi umenenepa. Lakini kilichoota ni mgeni katika nyumba ya kiini. Mwandishi anayeita matokeo hayo kuzaliwa upya kwa kiini anadai kuliko alichokiona, na jarida hili litaendelea kumrudishia makala yake.

Saruji yenyewe ina historia ya kuvutia. Mahmoud Torabinejad wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, alianza kuchapisha kuhusu saruji iitwayo MTA mwaka 1993, na sehemu kubwa ya unga huo ni saruji ya Portland, ya ukoo mmoja na ile inayomwagwa kwenye msingi wa nyumba, ikiwa imesafishwa na kuongezwa oksidi ya bismathi ili ionekane kwenye eksirei. Hukauka penye unyevu, jambo ambalo mdomoni ni baraka kubwa. Huachia kalsiamu na kuwaamsha wajenzi wa dentini walio jirani. Kasoro zake ni mbili kubwa: huchukua karibu saa tatu kukauka, na bismathi hulitia jino weusi. Saruji mpya za kalsiamu silikati zimepunguza muda huo hadi dakika kama 12 na kuiacha bismathi. Kwa mtoto mwenye kiini kilichofichuka lakini bado hai, tofauti hiyo ni ya kumaliza matibabu siku moja au kumwita tena mama aliyekwisha kuomba ruhusa kazini.

Wapo waliochagua kupandikiza seli moja kwa moja, na kazi yao inastahili heshima. Misako Nakashima wa Japani na wenzake walichapisha mwaka 2017 matokeo ya wagonjwa watano waliopandikizwa seli za kiini chao wenyewe pamoja na kiunzi cha kolajeni. Mwaka 2018 kundi la Xi'an, China, liliripoti jaribio la wagonjwa 40 waliovunjika meno: 30 walipandikizwa seli kutoka kwenye meno yao ya utoto, na 10 walipewa tiba ya kawaida. Mgonjwa mmoja aliumia tena baadaye, na jino lake lilipochunguzwa lilikutwa na mishipa ya damu, neva na safu ya wajenzi wa dentini. Kundi hili halikutumia kiunzi cha kutoka nje. Seli ziliachwa zijifumie wenyewe utando wa kuzibeba. Hilo linaonekana kupinga msimamo wa ukurasa huu, na lazima likubaliwe. Lakini kila mgonjwa alihitaji maabara safi ya kukuzia seli zake kwa wiki kadhaa, na maabara za kiwango hicho ni chache mno duniani.

Linganisha na kazi ya Paul Sharpe na wenzake wa King's College London, iliyochapishwa mwaka 2017. Walitoboa meno ya panya, wakaziba tundu kwa sponji ya kolajeni iliyolowekwa tideglusib, dawa iliyokuwa imejaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer. Sponji ikayeyuka taratibu, dentini ikajaa mahali pake. Bado ni panya. Ila kiunzi hicho na dawa hiyo vinaweza kukaa kwenye kabati la kliniki ya kawaida.

Kyoto inastahili aya yake. Katsu Takahashi na wenzake waligundua kwamba kuizuia protini iitwayo USAG-1 huwawezesha panya waliozaliwa na upungufu wa meno kuotesha mengine, na mwaka 2024 kingamwili yao ilianza kujaribiwa kwa wanaume 30 wenye umri wa miaka 30 hadi 64 waliopoteza angalau gego moja. Jaribio hilo lililenga kupima usalama kwanza. Tumaini lake ni machipukizi yaliyolala. Habari hiyo iliposomwa Afrika Mashariki ilipaswa kuumiza, kwa sababu katika ukanda wetu bado kuna watoto wachanga wanaochimbwa machipukizi mazima ya chonge kwa jina la meno ya plastiki, eti ndiyo yanayoleta homa na kuhara. Vyombo vichafu hupita kwenye fizi ya mtoto wa miezi michache; wengine hupata maambukizi na kufa, na wanaokua hubeba chonge za ukubwani zilizoharibika au zisizotokea kabisa. Mkutano wa wataalamu wa seli shina unaofanyika katika nchi zetu bila kulitaja jambo hilo haujamaliza ajenda yake.

Mchango wa ukanda huu upo, na ni wa upande wa vifaa. Katikati ya miaka ya 1980, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Jo Frencken na wenzake walianza Tanzania mbinu ya kusafisha jino lililotoboka kwa vyombo vya mkono peke yake, bila umeme, na kuliziba kwa saruji inayogandana na jino. Glasi ayonoma, iliyotangazwa London na Alan Wilson na Brian Kent mwaka 1972, ndiyo iliyokuja kuifaa mbinu hiyo, kwa kuwa hushika jino kwa kemia yake na kuachia floraidi. Shirika la Afya Duniani liliipigia debe mbinu hiyo mwaka 1994, na mwaka 2021 glasi ayonoma ikaingia kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2022 inakadiria kwamba watu bilioni 3.5 wana ugonjwa wa kinywa. Mbinu iliyoanza kwa wanavijiji wa Tanzania imewafikia wengi wao kuliko seli yoyote iliyokuzwa kwenye sahani.

Kwa hiyo maswali ya hapa ni halali ya kisayansi, na yanangoja watu. Unga wa kalsiamu silikati hupoteza nguvu chombo chake kikifunguliwa na kupata unyevu: unaishi muda gani kwenye kabati la kliniki ya Tanga au Mombasa? Jino lililokua kwenye maji yenye floraidi nyingi, kama yale ya Arusha, linaitikiaje EDTA? Na magego ya mwisho yanayong'olewa kila siku Muhimbili na Nairobi yangeweza kuwa malighafi ya maabara, kwa ridhaa ya wenyewe, badala ya kwenda kwenye tanuri la taka.

Wazazi nao wanahitaji kulindwa. Zipo kampuni duniani zinazotoza ada ya kila mwaka kulihifadhi jino la mtoto kwenye barafu kali, zikiahidi tiba ya kisukari, ya moyo, ya uti wa mgongo. Hakuna tiba ya namna hiyo iliyoidhinishwa kutokana na meno yaliyohifadhiwa. Mzazi mwenye fedha hizo atampatia mwanawe faida ya uhakika akizitumia kwa dawa ya meno yenye floraidi na ziara za daktari.

Kuanzia toleo hili, kila makala ya matibabu itakayoletwa kwa jarida itaombwa mambo manne: kundi la ulinganisho, picha za eksirei za angalau miezi 24, kipimo cha jino kuhisi baridi, na hesabu ya meno yaliyoshindikana pamoja na sababu zake. Kliniki yenye wagonjwa wanane waliofuatiliwa kwa miaka mitatu, wawili kati yao wakiwa wamepoteza jino, inakaribishwa kuandika.