Baada ya kitubio, nani atampokea?



Kila mwaka Kwaresima ikikaribia, viongozi wa vijana katika parokia zetu huijua kazi yao. Hutangaza mafungo, humwomba padri siku ya maungamo, hupita nyumba kwa nyumba kuwahimiza wenzao wasikawie. Jambo hilo ni jema na sina neno juu yake. Ninalotaka kuuliza ni la Dominika inayofuata. Kijana aliyeungama Jumamosi jioni, baada ya mwaka mzima wa kuikimbia Misa, anaingia kanisani asubuhi. Ataketi wapi? Nani atasogea ampe nafasi kwenye benchi? Kwa maoni yangu, tumekuwa hodari wa kuwaita watu kwenye toba na wazito wa kuwapokea wanapotubu, na uzito huo unaiharibu kazi yote.

Itazameni Misa yetu wenyewe. Misale ya Kiroma kwa ajili ya majimbo ya Zaire, ambayo Roma iliidhinisha mwaka 1988 baada ya kazi ndefu ya maaskofu wetu, akiwamo Kardinali Malula, hujulikana kwa ngoma, kwa mwendo wa kucheza kuizunguka altare, na kwa kuwataja wahenga wenye mioyo mema. Liko jambo jingine ndani yake ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Katika mpangilio wa kawaida wa Roma, toba hufanyika mwanzoni mwa Misa, na amani hutolewa karibu na Komunyo. Sisi husikiliza Neno na mahubiri kwanza, tukasadiki; ndipo tunapotubu, vichwa vimeinama, tukanyunyiziwa maji; na hapo hapo, kabla matoleo hayajaletwa, tunapeana amani.

Anayetoka kukiri kwamba amekosa hupewa mkono kabla hajaulizwa ana nini cha kutoa. Na mkono huo ni wa jirani yake wa benchi. Bwana alisema mtu aiache sadaka yake mbele ya altare, akapatane kwanza na ndugu yake, na liturujia yetu imelitii neno hilo kwa mpangilio wake. Inasikitisha kuona nafasi hiyo ikigeuka kuwa ya kurekebisha kitambaa cha kichwa, au ya kuvuka safu tatu ili kumsalimu rafiki, huku mwenye kuhitaji mkono akiwa kando yetu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Lumen Gentium, namba 11, unafundisha kwamba anayepokea kitubio hupata huruma ya Mungu na pia hupatanishwa na Kanisa ambalo dhambi yake ililijeruhi. Sehemu ya kwanza tunaikumbuka. Ya pili tunamwachia padri, kana kwamba Kanisa ni yeye peke yake.

Nitoe mfano ambao kila parokia inaufahamu. Msichana wa kwaya akipata mimba, huondolewa. Mara nyingi hakuna barua. Haitwi tena kwenye mazoezi, na vazi lake hupewa mwingine. Mvulana aliyempa mimba huendelea kupiga ngoma, na siku ya Pasaka ndiye anayesifiwa kwa wepesi wa mikono. Msichana huyo akiungama, Mungu amemsamehe siku hiyohiyo. Kwaya huchukua miaka. Nasema wazi: kikundi kinachomwadhibu mmoja kwa kosa la wawili kinatetea sifa yake mtaani, na usafi wa moyo kinautumia kama kisingizio.

Mashariki mwa nchi yetu kuna mfano mgumu zaidi: kijana aliyetoka porini, aliyeacha silaha, anayetaka kurudi katika kikundi chake cha zamani. Hapa sithubutu kuwahukumu wanaomwogopa. Wako waliochomewa nyumba. Yuko mama asiyejua mtoto wake amezikwa wapi. Kuwaambia wasahau ni kuwaongezea jeraha.

Wanafunzi wa Yerusalemu waliijua hofu hiyo. Saulo alikuwa amekubali kuuawa kwa Stefano, na alikuwa amewakokota wanaume kwa wanawake gerezani. Someni tena sura ya 9 ya Matendo ya Mitume. Toba yake ilikuwa ya kweli. Bwana mwenyewe alikutana naye njiani kwenda Damasko. Hata hivyo, alipofika Yerusalemu na kujaribu kujiunga na wanafunzi, wote walimwogopa, wasisadiki kwamba naye ni mwanafunzi. Hebu lifikirini jambo hilo. Mtu aliyeitwa na Kristu kwa sauti kutoka mbinguni alisimama nje ya mlango wa jumuiya bila mtu wa kumfungulia.

Aliyemfungulia ni Barnaba. Hatusomi popote kwamba aliwahubiria wenzake kuwa hofu yao ni dhambi. Alimchukua Saulo, akampeleka kwa Mitume, akawaeleza yale yaliyompata njiani. Barnaba alikuwa Mlawi wa Kupro aliyeuza shamba lake na kuwaletea Mitume fedha. Walimwamini, nao ndio waliompa jina hilo lenye maana ya mwana wa faraja, mtu wa kutia moyo. Basi jina lake jema alilitumia kama dhamana ya mtu asiye na jina jema. Kutia moyo kwa namna hiyo kuna gharama, kwa maana Saulo angegeuka tena, aibu ingekuwa ya Barnaba.

Miaka ikapita, akafanya vilevile. Yohane Marko alikuwa amewaacha njiani huko Pamfilia. Barnaba alipotaka kumchukua tena safarini, aliyekataa ni Paulo, yeye ambaye kwake mlango ulikuwa umefunguliwa kwa dhamana ya mwingine! Walishindana vikali hadi wakaachana, na Barnaba akasafiri na Marko kwenda Kupro. Mwisho wa habari hiyo uko katika barua ya pili kwa Timoteo: Paulo anaomba aletewe Marko, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi.

Viongozi wenye busara wataniuliza: tukiwapokea wote upesi hivyo, wengine hawataichezea dhambi? Swali hilo ni la haki. Kumpokea mtu na kumkabidhi sanduku la fedha ni mambo mawili. Mweka hazina aliyekula michango ya hija na azirudishe faranga hizo, hata kidogo kidogo, na kwa muda asishike ufunguo. Zakayo aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Lakini Yezu alikuwa ameshajialika nyumbani mwake, umati ukinung'unika, ndipo Zakayo akataja malipo. Sisi hupenda kugeuza: lipa kwanza, tuone, kisha pengine tutakusalimu. Tena malipo yawe na hesabu na mwisho. Deni likiisha, lisifufuliwe kila unapofika uchaguzi wa komite.

Kuna pia ulimi. Padri amefungwa na siri ya kitubio. Akiivunja waziwazi, sheria ya Kanisa humtenga papo hapo. Sisi walei hatukuwekewa adhabu ya namna hiyo kwa yale tunayotumiana katika simu juu ya wenzetu, nami nadhani ni bahati yetu, maana vikundi vingi vingebaki na mwenyekiti peke yake.

Vikundi vyenu vingi vimejiweka chini ya Mwenyeheri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Mnakumbuka kwamba alimsamehe aliyekuwa akimwua. Tarehe 15 Agosti 1985, huko Kinshasa, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenyeheri, na katika Misa hiyohiyo akatamka msamaha kwa mwuaji wake kwa jina la Kanisa lote. Kanisa lote: maana yake hata parokia yenu, hata kikundi chenu kinachokutana chini ya mwembe baada ya Misa ya pili.

Katibu wa kikundi anayo daftari ya majina. Katika mkutano ujao, kabla ya kusoma ratiba ya Kwaresima, aifungue na kutafuta majina ambayo hayajaitikiwa tangu Noeli. Msiulizane kwa nini hawaji. Sababu mnazijua, na nyingine mmezitunga wenyewe. Ulizeni ni nani anayeijua nyumba ya kila mmoja, na ni nani atakayekuwa mlangoni pake Jumamosi hii, tayari kuingia naye kanisani Dominika na kuketi naye benchi moja.