Jimny, mtoto mchanga na barabara ya Kikagate

SAFU YA MAONI
Na Byamungu Baraka

Familia iliyopata mtoto inapofikiria kununua gari dogo la kupanda milima, kati ya Mbarara na Kikagate nchini Uganda, mazungumzo huanza na tope. Watu huulizana kama litapanda vilima vya Rubondo mvua ya Novemba ikikolea, kama litapita kwenye madimbwi ya njia ya Juru, kama linakula mafuta kidogo. Baba husikiliza injini, shemeji huchungulia chini kuona springi na chesisi, fundi hupiga teke tairi. Mtoto, ambaye ndiye chanzo cha safari yote hiyo ya kwenda kwenye yadi, hutajwa mwisho, kana kwamba atapakiwa popote patakapobaki nafasi.

Safu hii inashikilia kwamba ukaguzi uanze kwenye kiti cha nyuma, na kwamba tope lingoje zamu yake.

Sababu iko kwenye barabara yenyewe. Kutoka Mbarara kupitia Kaberebere na mji wa Isingiro hadi Kikagate, kwenye mto Kagera unaotutenganisha na Murongo ya Tanzania, ni lami. Vumbi na utelezi huanza pale gari linapoiacha lami hiyo na kuingia makazi ya Nakivale, yaliyoanza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950 na leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na Waethiopia. Mama wa Base Camp, ndani ya makazi hayo, anayepelekwa na mwanawe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara hupita barabara ya udongo kwanza, polepole, gari likikwepa mashimo. Kisha lami inafunguka, dereva anakanyaga mafuta, na malori ya ndizi yanakuja upande wa pili.

Gari likikwama kwenye tope, familia inachelewa. Likigongana na lori kwenye lami, familia inazika. Taarifa ya polisi ya Uganda ya mwaka 2024 ilihesabu watu 5,144 waliokufa barabarani nchini mwaka huo. Kwa hiyo gari la mtoto linapaswa kupimwa kwanza pale linapokwenda mbio, na hapo ndipo gari fupi na refu kwenda juu lina udhaifu wake mkubwa.

Tuchukue Suzuki Jimny, kwa kuwa ndilo linalotamaniwa kuliko yote. Ukoo wake ulianza Japani mwaka 1970, na umbo la sasa lilitoka mwaka 2018. Ni gari la kazi kwelikweli: chesisi ya ngazi, ekseli ngumu mbele na nyuma, gia nzito ya kupandia, na nafasi ya milimita 210 kati ya tumbo lake na ardhi. Kwenye njia ya mlimani iliyochimbwa na maji linapita pale ambapo magari mengi makubwa yanarudi kinyumenyume. Anayelisifu kwa hilo hasemi uongo.

Sasa fungua mlango. Kuna mmoja kila upande wa mbele, wa tatu ni wa buti, na hakuna wa abiria wa nyuma. Ili kumfikisha mtoto kwenye kiti chake lazima kiti cha mbele kikunjwe, mama ainame, apenyeze mikono na mzigo wake hai katika upenyo mwembamba, huku mvua ikimpiga mgongoni. Aliyejifungua kwa upasuaji wiki tatu zilizopita hawezi kufanya hivyo bila maumivu. Akishafanikiwa kuingia na kuketi kando ya mtoto, anakuta kioo cha pembeni yake hakifunguki, kwa sababu vioo vya nyuma vya Jimny ya milango mitatu vimefungwa moja kwa moja. Mwezi wa Julai, vumbi likiwa limesimama hewani na kiyoyozi kimekufa, mtoto anakaa kwenye joto kuliko abiria wote.

Halafu buti. Viti vya nyuma vikiwa vimesimama, Jimny hiyo inabaki na lita 85 za mizigo, yaani ujazo unaozidi kidogo madumu manne ya lita 20. Humo iingie beseni, nepi, thermosi, nguo za kubadilisha na chakula cha mgonjwa anayetembelewa. Gari lina viti vinne tu. Katika nchi hii mtoto mchanga hasafiri na watu wawili. Kuna bibi, kuna dada mkubwa wa mtoto aliyekataa kuachwa, kuna shangazi aliyeomba lifti mpaka Kaberebere. Mtu wa tano anapopakatwa, mkanda wa mtu mmoja unalazwa kando, na mara nyingi huwa ni wa mtoto, kwa kuwa ndiye anayepakatika kwa urahisi.

Shirika la Euro NCAP la Ulaya lilipoligongesha Jimny mwaka 2018 lililipa nyota tatu kati ya tano. Ulinzi wa watoto ulipata asilimia 84, alama nzuri, ila ulipimwa watoto wakiwa wamefungwa kwenye viti vyao maalumu. Mtoto aliye mapajani hana alama yoyote katika kipimo hicho.

Hapa wazazi wengi hubisha: mikono ya mama ndiyo kiti salama kuliko vyote. Mapenzi hayo ni ya kweli, lakini hesabu inayakataa. Gari likienda kilomita 50 kwa saa na kusimamishwa na kizuizi ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo sita huvuta kwenda mbele kwa nguvu sawa na mzigo wa kilo 85. Hakuna mama wala mwanajeshi anayeweza kuukamata mzigo huo kwa viganja viwili bila onyo. Kiti maalumu kinaweza, kwa sababu kimefungwa kwenye bodi ya gari na kinamtazamisha mtoto nyuma, ili kichwa chake kizito na shingo yake changa viegemee mgongo wa kiti badala ya kurushwa. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, viti hivyo hupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali kwa takriban asilimia 70. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129 inataka mtoto atazame nyuma angalau mpaka miezi 15.

Kiti hicho kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko ukilipuka hukipiga mgongoni, na pigo linaishia kichwani mwa mtoto. Katika gari la milango mitatu kishawishi cha kumweka mbele ni kikubwa, maana ndiko kuliko rahisi kufikika.

Vigari vya injini ya sentimita za ujazo 660 kama Pajero Mini, vilivyoundwa Japani kuanzia 1994 hadi 2012, vina shida hizohizo katika nafasi ndogo zaidi. Vilibanwa ndani ya kipimo cha sheria ya kwao: urefu usiozidi mita 3.4 na upana usiozidi mita 1.48. Kwa kijana anayefuata shamba lake la ndizi Kikagate peke yake, ni chombo chema. Kwa mtoto wa wiki sita, safu hii haikipendekezi.

Je, basi jibu ni hapana? Wala si hapana. Kwa familia nyingi za Nakivale gari dogo halishindanishwi na gari kubwa la kifahari. Linashindanishwa na bodaboda. Kila siku mtoto huonekana amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa mama, mama nyuma ya dereva, kichwa kidogo kikiwa wazi, wote watatu wakishuka mteremko wenye changarawe. Ratiba ya chanjo ya Uganda inamtaka mtoto afike kituoni akiwa na wiki sita, kumi na kumi na nne, kisha miezi tisa, na tangu Aprili 2025 chanjo ya malaria hutolewa mwezi wa sita, wa saba, wa nane na wa kumi na nane. Ziara nyingi hufanyika karibu na nyumbani, kwa miguu. Safari ya kutisha ni ile isiyopangwa, homa ya saa nane za usiku, mvua ikiwa imeifanya njia kuwa uji. Usiku huo hata Jimny ya milango mitatu ni neema, na aliye nayo asione haya kuitumia.

Lakini anayenunua leo ana nafasi ya kuchagua, na chaguo lake liwe milango mitano. Toyota Rush iliyotoka Japani mwaka 2006 haina ukubwa wa kumtisha mtu: injini ya lita moja na nusu, nafasi ya milimita 200 chini, watu watano. Tumbo lake kati ya tairi za mbele na za nyuma lina milimita 2,580, na la Jimny fupi ni 2,250. Tofauti hiyo mtoto huisikia mwilini, kwa sababu gari fupi hunesanesa mbele na nyuma kwenye kila tuta, na shingo ya mtoto wa miezi miwili haijajua kujizuia. Suzuki Escudo ya milango mitano, ile iliyoanza mwaka 2005, imebaki na gia nzito na ina buti la karibu lita 400. RAV4 ya milango mitano haina gia nzito, ila kwa vilima vyetu na dereva mwenye subira inatosha. Suzuki wenyewe walikubali hoja ya mlango mwaka 2023, walipoonyesha India Jimny ya milango mitano yenye milimita 340 zaidi kati ya tairi na buti la lita 208.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: Jimny na Vitara za zamani hazina difu ya katikati. Kuvuta kwa magurudumu yote manne kumewekwa kwa ajili ya utelezi. Dereva akisahau kuzima uvutaji huo anapofika lami ya Isingiro, mitambo hujikaza, usukani unakuwa mzito kwenye kona na tairi zinakwaruza. Rush inayovuta kwa magurudumu yote muda wote ina difu hiyo, na kwa baba aliyekesha na mtoto anayelia, kuondolewa jambo moja la kukumbuka ni faida.

Wapo pia wasiohitaji gari la milima hata kidogo. Mwalimu anayekaa Kakoba, Mbarara, anayekwenda kwa wakwe Isingiro mara moja kwa mwezi, akinunua Premio yenye tairi mpya, shokapu nzima na mikanda mitatu ya nyuma inayofanya kazi, amemlinda mtoto wake vizuri kuliko jirani aliyenunua Jimny iliyokatwa mikanda. Njia ya Nakivale hupitwa kila siku na magari ya kawaida ya abiria, na madereva wake wanajua lini pa kungoja jua likaushe.

Tangu Oktoba 2018 Uganda hairuhusu kuingizwa gari lililotimiza miaka 15 tangu liundwe, kwa hiyo mengi ya yale mazee yanayouzwa kwa bei ya kuvutia yamezunguka humu nchini kwa muda mrefu. Viti vimebadilishwa, vitambaa vimeshonwa upya, vifungo vya mikanda vimezama. Mnunuzi aingize mkono katikati ya mgongo na makalio ya kiti cha nyuma atafute vyuma viwili vya kushikia kiti cha mtoto. Visipokuwepo, kiti kinaweza kufungwa kwa mkanda wa pointi tatu, mradi ujifunge kwa ukali ukivutwa ghafla. Na kiti chenyewe kipelekwe yadi kabla ya pesa kutolewa. Kifungwe, kiti cha mbele kirudishwe mahali ambapo dereva mrefu wa nyumba hiyo hukaa, halafu mama ajaribu kumwingiza na kumtoa mtoto mara kadhaa. Dakika ishirini hizo zinafichua mengi kuliko mzunguko wa mtaa mzima.

Safari ya Kampala, ambayo ni zaidi ya kilomita 260, ina ushauri wake. Mtoto mchanga asiachwe amejikunja kwenye kiti zaidi ya saa mbili mfululizo, kwa kuwa kidevu kikilala kifuani pumzi hubanwa. Lyantonde na Masaka ni vituo vya kumtoa, kumnyoosha na kumnyonyesha. Hakuna haraka ya mjini inayozidi hilo.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kumiliki mali, na wapo wafanyabiashara wa Nakivale wanaonunua magari yao wenyewe. Hata hivyo watoto wengi wa makazi husafiri katika magari ya watu, zile Noah na gari ndogo zinazojaza abiria kwenda Mbarara. Ndani ya mengi ya hayo mikanda ya nyuma ipo, ila imezikwa chini ya vitambaa vya viti ili isiwasumbue abiria. Viongozi wa madereva wa Isingiro na wa stendi ya Mbarara wana uwezo wa kuamuru itolewe wiki hii. Inahitaji mkasi wa kutoboa kitambaa, maji ya sabuni ya kusafisha vifungo, na nafasi moja ya nyuma, kando ya mlango, inayowekwa kwa ajili ya mama mwenye mtoto mchanga kabla gari halijaanza kuita abiria.