Tusingoje Amri Itoke Ndio Tuulize

Leo naanza kwa kujishitaki mwenyewe.

Mwaka 2024, ilipovuma habari ya kodi ya mapato Oman, nililetewa sauti kwenye simu ikisema kila mtu atakatwa: wastaafu, wajane, mpaka mwenye chumba kimoja cha kupangisha. Sikuuliza katoka wapi huyu msemaji. Nikaituma kwenye grupu la familia kama ilivyo. Haukupita muda, shangazi yangu, ambaye tegemeo lake ni nyumba ndogo anayoipangisha kwa riali 250 kwa mwezi, kashaita dalali. Anataka kuiuza kabla hawajamfikia!

Na mwaka huohuo mswada wenyewe ulitoka Majlis Shura ukapelekwa Majlis Dawla, na magazeti yakaandika. Mimi nilikuwa na sauti isiyo na jina, sikuwa na habari ya mswada.

Wengi wetu tukisikia Majlis Dawla tunaona ni wazee wenye vilemba wanaosomeana karatasi. Na kweli kikao chake hakina kelele. Ripoti ya kamati inasomwa, wajumbe wanatoa maoni, kifungu kinarekebishwa, kura inapigwa, watu wanaondoka. Tena hatukuwachagua sisi. Tangu baraza hilo lilipoundwa mwaka 1997, wajumbe wake huteuliwa na Sultani: mawaziri wa zamani, maofisa wastaafu, wasomi, wafanyabiashara. Hakuna anayekuja kutugongea mlango kuomba kura, basi na sisi tunaona hayatuhusu.

Yanatuhusu, jamani. Mswada wa serikali hupita kwanza Shura, kisha Dawla. Mabaraza yakihitilafiana, hukaa pamoja chini ya mwenyekiti wa Majlis Dawla, wakazungumza na kupiga kura, ndipo mambo yafike kwa Sultani. Katika safari hiyo neno moja laweza kuongezwa, kiwango kikapanda au kikashuka. Ikishatoka Amri ya Kisultani, hiyo ni sheria, na maneno yetu ya barazani yamechelewa.

Sheria ya kodi ilitoka Juni 2025, Amri namba 56. Inasema asilimia 5, kwa kipato kinachozidi riali 42,000 kwa mwaka, kuanzia Januari 2028. Nyumba ya shangazi inaingiza riali 3,000 kwa mwaka. Alhamdulillahi, dalali alikuwa hajapata mnunuzi.

Sisemi kodi hii ni nzuri wala mbaya. Kila mtu ana rai yake, na aliyevuka kiwango ana haki zaidi ya kusema. Lakini rai ina wakati wake na mahali pake. Mjumbe wa Dawla hukumchagua, ila mjumbe wa Shura wa wilaya yako ni wewe uliyempa kura. Mpigie simu mswada ungali mezani, mwambie kifungu kipi kinakutia wasiwasi na kwa nini.

Jambo la pili ni la vijana wetu. Wazee wetu wengi walikulia Unguja, Pemba, Mombasa au Bujumbura, na Kiarabu cha sheria ni kizito kwao. Utamkuta mzee anakuhadithia uchaguzi wa Unguja wa 1963 jimbo kwa jimbo, lakini mswada uliojadiliwa jana Muscat anausikia kwa sauti za kutumiwa kwenye simu. Nyinyi mliosoma hapa, someni habari za vikao, kisha mwelezeni bibi kwa Kiswahili wakati wa kahawa. Dakika kumi zinatosha.

Ile sauti nimeshaifuta, na shangazi nimemwomba radhi. Kanijibu, "Mwanangu, siku nyingine uliza kwanza." Nami nawafikishia nyinyi maneno yake.