Mega za docta wetu, nani anazilipa?

Vijana wa Ngezi na wa Bunia yote, leo tunaandika juu ya kitu ambacho hatukizoei kukipigia kelele: masomo ya docta anayetupasua.

Tunajua kudai barabara. Tunajua kudai usalama, tangu mbele ya état de siège ya tarehe 6 Mei 2021 mpaka sasa. Lakini mutu akiletwa na risasi ao panga kutoka Djugu ao Irumu, uzima wake uko mikononi mwa docta, na katika kile anachokumbuka saa ile.

Chukua jeraha la vita. Kwa kawaida halishonwi siku ya kwanza. Linasafishwa, nyama iliyokufa inakatwa, linaachwa wazi, kisha linashonwa nyuma ya siku nne ao tano kama ni safi. Mwenye kushona haraka anafungia uozo ndani. Kitabu cha CICR juu ya upasuaji wa vita, cha mwaka 2009, kinaeleza hayo, na kiko bure kwenye intaneti. Ama ile orodha ya OMS ya mambo 19 ya kuhakikisha mbele, katikati na mwisho wa operesheni. Ilijaribiwa katika hospitali nane za dunia, moja ikiwa ya Ifakara, Tanzania. Matokeo yalitoka 2009: vifo vilishuka kutoka 1.5 mpaka 0.8 kwa mia. Ni karatasi tu, na watu wanaosemezana.

Kwa majirani wa Kenya, docta anatakiwa kufikisha pointi 50 za masomo kila mwaka ili ruhusa yake ya kazi iendelee, na pointi zingine anazipata kwa intaneti. Kwa Kifaransa kuna RAFT, iliyoanza Mali mwaka 2001 pamoja na hospitali za chuo kikuu cha Geneva. Masomo yake yalitengenezwa kwa ajili ya koneksio dhaifu kama yetu. Basi shida si kukosa masomo.

Shida njo mega. Docta wa upasuaji anatoka gadi usiku, anafungua video kwa simu, inazunguka-zunguka, unite inaisha, umeme nao unakwenda. Anayelipa ni mfuko wake. Nchi hii ilitukata unite kwa ajili ya RAM tangu 2020 mpaka kelele zetu zikaiangusha 2022. Haijafikiri kumpa docta hata giga moja ya kusomea.

Wengine watasema kupasua hakujifunzwi kwa skrini. Ni kweli, mkono unafundishwa na mkono, na bado tunataka wakubwa wa kazi waje Bunia kusimama kando ya ba docta wetu. Lakini kujua wakati wa kukata na wakati wa kuacha, hiyo inasomwa. Na tusidanganyane: kuna cheti cha kubonyeza-bonyeza, video inacheza mwenyewe amelala. Pointi ya namna hiyo hatuitaki. Mtihani uwepo.

Kwa hiyo tunaomba Ordre des Médecins itangaze wazi kwa wananchi: docta anatakiwa masaa ngapi ya masomo kwa mwaka? Na masaa ya intaneti ya mtu wa Bunia yanahesabiwa sawasawa na mkutano wa hoteli kule Kinshasa? ARPTC nayo ilazimishe mitandao ifungue kurasa za masomo ya afya bila kukata mega. Hata Starlink imepata ruhusa tangu 2025, kwa hiyo hadithi ya kwamba Ituri iko mbali imechakaa.

Kwa Division ya Afya ya Ituri tuko na swali moja, na tutalipeleka kwa barua: hospitali ngapi za jimbo ziko na laini ya intaneti inayolipwa na Leta, na kati ya hizo, ngapi docta wa upasuaji anapewa nambari ya siri yake, si ofisi ya mkubwa peke yake?