Uduvi Sebuleni: Tangi Lisiwe Kitalu cha Mbu

Msomaji anayetaka kufuga uduvi ndani ya tangi la kioo sebuleni hana haja ya kuwaogopa uduvi wenyewe. Ni viumbe wapole wasiouma. Ninachokihofia mimi kama daktari ni yale maji: yametoka wapi, na yatakuwaje siku mwenye tangi atakapochoka.

Huku Suneka kuna kishawishi kimoja. Ziwa Victoria haliko mbali, na lina uduvi tele, wale ambao Wajaluo huwaita ochong'a. Mtu atajiuliza, kwa nini ninunue Nairobi kitu ninachoweza kuchota Homa Bay bure, pamoja na magugu ya kupandia? Jibu ni konokono. Wapo konokono wa ziwa hilo wanaobeba vijidudu vya kichocho cha matumbo, nao hujishikiza kwenye majani ya magugu. Vijidudu hivyo vikishatoka kwa konokono hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Mkono unaopanga mimea tangini unatosha.

Kwa hiyo nunua uduvi waliozaliwa katika tangi, na mimea isiyotoka ziwani wala mtoni. Hata hiyo ioshe na uikague jani kwa jani.

Kuanzisha tangi si kazi ngumu, ila yataka subira. Lita 40 zinatosha. Tandaza changarawe, panda mimea, weka pampu ya hewa yenye sponji, kisha ngoja wiki 4 hadi 6 kabla ya kutia uduvi, ili bakteria wanaoondoa sumu ya amonia wapate kuongezeka. Maji ya bomba yenye klorini yakae kwanza katika ndoo wazi kwa siku nzima. Epuka dawa za samaki zenye shaba, maana shaba huua uduvi. Na unapobadilisha maji kwa mpira, tafadhali usiyavute kwa mdomo! Nawa mikono kwa sabuni baadaye, hasa watoto.

Sasa mbu. Wapo wanaodhani uduvi watamaliza viluwiluwi. Hiyo si kazi yao. Chakula chao ni mwani na mabaki ya majani. Pampu ikizimwa kwa kuwa mwenyewe amesafiri au stima imepotea, maji hutulia, na mbu hupenda maji yaliyotulia. Katika joto la nyumbani, yai huwa mbu kamili kwa muda wa wiki 2 hivi.

Sisi wa Gusii tumeyaona haya kwa kiwango kikubwa zaidi. Utafiti uliofanywa Kisii ya Kati na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba ngege walipotiwa katika mabwawa ya samaki yaliyoachwa, viluwiluwi vya mbu wa malaria vilipungua kwa zaidi ya asilimia 94 baada ya wiki 15. Miaka 2 baadaye, mwaka 2009, Serikali ilianza kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140 nchini. Mengi yaliachwa baadaye, na bwawa lisilo na samaki hubaki kuwa kitalu cha mbu.

Ndiyo maana napendekeza jambo ambalo wapenzi wa uduvi hawatalifurahia: tia gapi 2 au 3 pamoja nao. Watameza watoto kadhaa wa uduvi, kweli. Mimi naona hiyo ni bei nafuu kuliko mtoto wa nyumba hiyo kulazwa kwa malaria. Asiyetaka samaki afunike tangi kwa wavu laini usioacha mwanya.

Ukichoka na mchezo huu, mpe mwingine uduvi wako. Maji yamwage kwenye migomba, usiyamwage mtoni. Magugu yaanike juani hadi yakauke kabisa. Hata gugumaji, linalosumbua wavuvi wa Kisumu hadi leo, lilisafirishwa kutoka Amerika Kusini kama ua la mapambo.