Mugonjwa wa pombe si mufungwa: telefone yake isigeuzwe kuwa mulinzi



Tuseme wazi jambo ambalo mu familia nyingi za Kibabi linasemwa kwa sauti ya chini: vijana wetu wanaisha kwa kanyanga na bangi. Mutu anashuka ku shimo la koltani tangu asubui, anatoka na franga kidogo, na kabla ya kufika nyumbani zimekwisha kunywewa. Wenye bahati, familia inawapeleka mpaka Goma, kwa Tulizo Letu, kituo cha wagonjwa wa akili. Wakitoka huko wanarudi kwetu, na kazi ngumu inaanzia hapo.

Sasa kuna wazazi wanaouliza: juu gani tusiweke mu telefone yake programu ya kutuonyesha kila mahali anapokwenda? Swali hilo linatoka kwa uchungu, hatulicheki. Hata wataalamu walijaribu. Kule Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin kilitengeneza programu A-CHESS kwa watu waliotoka kutunzwa sababu ya pombe. Mugonjwa anaonyesha mahali alipozoea kunywea. Akikaribia pale, telefone inamushitua na kumupa njia ya kupata musaada. Matokeo ya wagonjwa 349 yalitangazwa mwaka 2014: waliopewa programu hiyo walikuwa na siku chache zaidi za kunywa kupita kiasi kuliko wenzao.

Lakini angalieni tofauti. Kule, mutu akikimbia baa moja anapita barabara ingine. Kwetu chupa inamungoja pale pale anapotokea ku shimo. Hiyo telefone ingelia toka asubui mpaka jioni. Tena kila mwenye ndugu mulevi anajua kitu cha kwanza kinachouzwa mu nyumba ni telefone. GPS itamufuata aliyeinunua!

Hayo yote ni madogo. Kubwa ni usalama. Rubaya iliingia mu mikono ya M23 mwisho wa Aprili 2024, Goma Januari 2025, na mu vijiji vyetu mwenye bunduki wa leo si lazima awe wa kesho. Mutu wa ku barieri akifungua telefone ya kijana na kukuta ramani ya kila njia aliyopita, atauliza: ulienda kupeleka habari kwa nani? Kijana ajibu kwamba ni matunzo ya pombe? Nani atamuamini?

Woga huu si wa Masisi peke yake. Kenya, kulikuwa mupango wa kuchukua alama za vidole mu uchunguzi wa ukimwi, wakiwemo watu wanaojidunga dawa za kulevya. Walikataa, wakiogopa alama hizo zifike kwa polisi. Walisikilizwa, mupango ule ukaachwa. Hawakukataa matunzo, walikataa kuandikwa.

Kwa hiyo musimamo wetu ni huu: mugonjwa aulizwe yeye wa kwanza, si baba yake, si shirika, si chef wa kijiji. Akikubali, awe na uwezo wa kuizima siku yoyote bila kunyimwa dawa. Na habari zake zisitoke kwa muganga wake. Katiba yetu, kifungu cha 31, inalinda maisha ya siri ya kila mutu, na Kodi ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari zake. Tunajua, sheria za Kinshasa hazifiki ku barieri. Ndiyo maana ramani hiyo ni afazali isiwepo kabisa.

Na kama kuna wenye makuta ya kununua programu, tunawaomba waanze na muganga moja aliyefundishwa, anayelala hapa hapa Kibabi. Mulevi wa miaka mingi akiacha pombe kwa gafla anaweza kutetemeka, kuanguka kifafa, hata kufa. Saa hizo za usiku, familia inatafuta pikipiki ya kwenda Goma.