Kipindi cha darasani nacho ni mizani

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Sahaba zake na kila anayefuata nyayo zao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tunazungumzia swali wanalokuwa nalo vijana wetu wengi wa Masasi na Newala. Kijana amemaliza chuo cha ualimu, ajira ya serikali haijamfikia, naye ameamua kujitolea katika shule ya kijiji chake. Wazazi humchangia posho kidogo, pengine ikapita miezi bila hiyo posho kuonekana. Shuleni humo yumo mwenzake aliyeajiriwa, mwenye mshahara kamili, ambaye aghalabu haingii darasani. Huyu hutia saini asubuhi, kisha huonekana chini ya mwembe au haonekani kabisa. Vipindi vyake vinamwangukia yule anayejitolea. Je, kijana huyu akinyamaza, si anashiriki dhulma? Na akisema, si anamsengenya ndugu yake?

Swali hili lina historia. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002, na ule wa sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004, ilijaza watoto madarasani kwa kasi kuliko walimu walivyopatikana. Ndipo katikati ya miaka hiyo ya 2000 vijana waliomaliza kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa kufundisha, nao watu wakawabandika jina la "vodafasta". Januari 2016 elimu bila ada ilianza kutekelezwa mpaka kidato cha nne, madawati yakajaa tena. Aprili 2017 serikali ilitangaza watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini, na baadhi yao walikuwa walimu. Katika pengo hilo ndimo alimosimama mwalimu wa kujitolea, nasi tunamwombea kheri.

Lakini pengo si la upungufu wa walimu peke yake. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2014 katika shule za msingi za Tanzania ulionyesha kuwa karibu nusu ya walimu hawakuwamo darasani katika muda waliopaswa kufundisha, ilhali wengi wa hao walikuwapo shuleni. Kwa hiyo yapo madarasa yasiyo na mwalimu, na mwalimu wenyewe yuko umbali wa hatua ishirini.

Watu wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na jirani zao wa Masasi wanajua maana ya kupunjwa. Wanalijua neno kangomba. Mkulima aliyebanwa na shida huuza korosho zake nje ya ghala la chama cha msingi, kwa kipimo kisicho rasmi kinachomnufaisha mnunuzi. Mwaka 2018, serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilihakiki mashamba kwanza ili wafanyabiashara wa kangomba wasinufaike. Wakulima wengi walilalamikia kuchelewa kwa malipo, lakini hatujasikia mkulima aliyesema kuwa kangomba ni halali.

Sasa tuisome Sura Al-Mutaffifin, aya ya 1 hadi ya 3. Mwenyezi Mungu anawaahidi adhabu wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka kipimo kitimie, na wakiwapimia wengine hupunguza. Wanazuoni wamebainisha kuwa onyo hili haliishii sokoni, bali linamhusu kila anayedai haki yake kamili na kutoa haki ya mwenzake pungufu. Kipindi cha shule ya msingi, kuanzia darasa la tatu, ni dakika 40. Mwalimu anayepokea mshahara wa mwezi mzima bila kukatwa hata senti, kisha akampa mtoto dakika kumi na kumwandikia mazoezi ubaoni ili ajiondokee, anafanya kangomba ya ubao. Na mtoto hana mizani ya kupimia alichopunjwa. Atakijua Septemba, mtihani wa darasa la saba utakapowekwa mbele yake.

Katika fikihi, mtu aliyeajiriwa kwa muda maalumu huitwa ajiri khaas. Ujira wake unatokana na kuutoa muda huo kwa ajili ya kazi aliyoajiriwa, na hana ruhusa ya kumkabidhi mwingine kazi hiyo bila idhini ya aliyemwajiri. Hivyo mwalimu anayemwachia vipindi kijana wa kujitolea ili yeye akapulizie salfa mikorosho yake mwezi Juni, au akaokote korosho mwezi Oktoba, ameuza muda usiokuwa wake tena. Hata kama atampa kijana yule sehemu ya mshahara kwa siri, siri hiyo haigeuzi haramu kuwa halali.

Uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Wapo walimu wanaougua, wanaouguza, wanaoishi mbali na shule kwa kukosa nyumba, na waliodai malimbikizo yao kwa miaka. Mwenye udhuru husaidiwa, na kumshikia vipindi ni katika wema anaotuamrisha Mwenyezi Mungu kusaidiana kwao katika Sura Al-Maida, aya ya 2. Lakini aya hiyo hiyo inatukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Kijana anapaswa kujiuliza: ninambeba mgonjwa, au ninambeba mvivu? Na manung'uniko ya mshahara mdogo yanapelekwa kwa mwajiri. Hayalipizwi kwa mtoto wa mkulima ambaye hakupanga mshahara wa mtu.

Basi afanye nini huyu kijana? Kwanza, asiwaache watoto. Kuacha darasa tupu ili mwenzako aumbuke ni kumwadhibu asiye na kosa, na Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru na kulipiza madhara kwa madhara. Aingie, afundishe, na ujira wake uko kwa Mola wake.

Pili, asitie saini ya mtu mwingine wala asiandike kuwa fulani kafundisha ilhali hakufundisha. Kitabu cha mahudhurio ni ushahidi, na ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa. Kipindi alichofundisha yeye kiandikwe kwa jina lake na tarehe yake. Kumbukumbu ya kweli husema bila kelele.

Tatu, amwendee mwenzake faraghani kwa heshima, hasa akiwa ni mkubwa wake kwa umri. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kumnusuru ndugu yetu hata akiwa dhalimu, na akaeleza kuwa nusura yake ni kumzuia asidhulumu. Kumwambia ukweli ni kumpenda.

Nne, asiposikia, jambo lifikishwe kwa mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule, kisha Afisa Elimu Kata. Kwa walioajiriwa na serikali ipo pia Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ambayo kazi zake ni pamoja na nidhamu. Hapa ndipo wengi wanapoogopa kusengenya. Wanazuoni, akiwamo Imam Nawawi, wameeleza kuwa kumfikishia malalamiko mwenye mamlaka ya kuondoa dhulma hakumo katika usengenyaji uliokatazwa. Usengenyaji ni kumtafuna mtu gengeni, mahali ambapo maneno hayamrekebishi yeye wala kumsaidia mtoto.

Wengine husema, "Mimi nimemsamehe, namwachia Mungu." Ndugu yetu, una haki ya kusamehe uchovu wako, jasho lako na chaki uliyovuta kifuani. Lakini kipindi kilichopotea ni haki ya mtoto, na haki ya mtu haisamehewi na mtu mwingine. Hilo ndilo jibu la swali letu. Kunyamaza kwako kunaweza kuwa subira katika haki yako, lakini katika haki ya mtoto ni kuiachia amana ipotee, na Sura An-Nisaa, aya ya 58, imetuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Mtume (S.A.W.) ameagiza mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Kijiji kinachopokea fedha za korosho, kikacheza ngoma za unyago na jando kwa shangwe, kisha kikashindwa kumpa mwalimu wa kujitolea posho kilichomwahidi, nacho kimepunja mizani. Kamati ya shule iulize kila mwezi ni vipindi vingapi vilifundishwa na nani alivifundisha, badala ya kuuliza michango tu.

Wala tusinyoshe kidole kwenye shule za serikali tukazisahau madrasa zetu. Wapo maustadhi wanaopokea ada na kumwachia mwanafunzi mkubwa asomeshe wadogo siku nzima. Na katika vipindi vya dini mashuleni, ambavyo hutegemea sana wanaojitolea, mara ngapi watoto wetu wamekaa bure kwa sababu tuliyemtuma hakwenda? Kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa kuhusu alichokichunga.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape nguvu walimu wanaobeba mizigo isiyokuwa yao, awaongoze wanaoitua mizigo yao juu ya wengine, na awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin. Wabillahi tawfiq.